Saa 72 za kwanza baada ya kubakwa: hospitali, polisi na ushahidi, hatua kwa hatua

Kama limekukuta leo au jana, soma aya hii tu. Mengine utayasoma baadaye. Toka hapo ulipo, nenda penye mtu unayemwamini. Usioge, usijisafishe kwa ndani, usifue ulichovaa. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, usiku huuhuu kama usafiri upo, na ukifika mapokezi sema: "Nimebakwa, naomba PEP na daktari." Huna RB (namba ya taarifa yako polisi), huna PF3 (fomu ya polisi inayojazwa na daktari), huna nauli ya kurudi: nenda hivyohivyo. PEP ni dawa ya kuzuia VVU, na lazima ianze ndani ya saa 72 tangu tukio, na kadiri unavyochelewa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Aliyetendewa Ijumaa saa 4 usiku, muda wake unakwisha Jumatatu saa 4 usiku, na katikati kuna Jumamosi na Jumapili ambazo kliniki nyingi zimefungwa.

Mwongozo huu unafuata sheria na taratibu za Tanzania Bara. Zanzibar na Kenya zinatajwa pale zinapotofautiana. Umeandikwa kwa mwanamke mtu mzima, lakini anayemsindikiza mdogo wake, binti yake au jirani atautumia vilevile.

Maandalizi ya kufanya ukiwa bado salama

Jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya ni kujua mapema hospitali ipi iliyo karibu inatoa PEP usiku na siku za mapumziko. Zahanati nyingi hazina dawa hiyo. Ulizia siku moja ukiwa na shughuli zako pale, andika jibu kwenye simu, mpe na dada yako.

Kariri namba mbili za simu kichwani, maana simu ndiyo kitu cha kwanza kunyang'anywa. Weka noti ya shilingi 10,000 mahali tofauti na pochi. Patana na rafiki mmoja maneno ya kawaida yenye maana ya siri, "dada, ule ukili umeupata?" yatosha kumfanya akupigie simu ya kukuita nyumbani, au atoke kukufuata. Ukipanda bodaboda usiku, piga picha namba ya pikipiki na uitume kabla hujakaa, dereva akuone ukiituma. WhatsApp inaruhusu kumwonyesha mtu mahali ulipo kwa saa 1 au saa 8, chagua 8. Ukijisikia umelewa kuliko ulivyokunywa, usiende chooni peke yako wala usikubali "kusindikizwa" na uliyekutana naye hapo. Mfuate mhudumu wa kaunta au mlinzi, umwambie waziwazi kwamba umewekewa kitu, na umpigie mtu wako aje.

Haya yote yanasaidia kwa kiasi tu, kwa sababu mara nyingi mbakaji hakutoki kichochoroni. Ni mjomba, mpangaji mwenzako, bosi, mwalimu, mpenzi wa zamani, au bodaboda aliyekuzoea. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kinachofuata baada ya tukio.

Kuhusu kupiga kelele: kama unamjua, piga kelele kwa jina lake. "Fulani, niache!" huwafanya majirani kuwa mashahidi papo hapo. Kelele za "mwizi!" huleta watu upesi, ila huja na mawe na petroli, na mtuhumiwa akiuawa mtaani hakuna kesi ya ubakaji tena, kuna kesi ya mauaji ambayo ndugu zako wanaweza kuwa washtakiwa. Na kama uliganda, sauti ikakataa kutoka, mikono ikawa mizito, elewa kwamba mwili huwa hivyo mbele ya hofu kubwa. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyowekwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, yaani SOSPA, kinasema wazi kwamba alama za kupambana mwilini hazihitajiki kuthibitisha kuwa hukuridhia.

Mtu wa kwanza unayemwambia

Kabla ya kuamua uende wapi, jiulize: aliyefanya anajua utalala wapi leo? Ana ufunguo? Kama mnaishi nyumba moja, ondoka na simu na chaja yake, kitambulisho pamoja na kadi ya bima, na dawa zako za kila siku. Mengine yaache. Usirudi peke yako kuyachukua. Nenda baadaye na polisi, au na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Zanzibar, sheha.

Mtu wa kwanza unayemwambia ana kazi mbili, kukusindikiza na kuwa shahidi. Mwambie nani amefanya, kwa jina, au kama humjui kwa sura, nguo, sauti, kovu, lafudhi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Marwa Wangiti Mwita la mwaka 2002, ilisema kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa katika nafasi ya kwanza kabisa aliyoipata ni hakikisho kubwa la ukweli wake. Tangu hapo mawakili wa utetezi huuliza swali hilohilo: "Ulipofika kwa shangazi ulimtaja, au ulisema tu umebakwa?" Mwanamke anayeona haya kutaja jina usiku ule, akalitaja siku ya nne kituoni, huwa amempa mshtakiwa pa kupenya.

Wewe uliyefuatwa: maneno yako ya kwanza yawe "nakuamini, pole, tuondoke twende hospitali". Usiulize alikuwa anafanya nini huko wala kwa nini alivaa vile. Usimchemshie maji ya kuoga. Huruma hiyo huosha ushahidi. Usimfuate mtuhumiwa. Angalia saa, andika muda aliofika na maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapamba. Ukiitwa mahakamani miezi kumi baadaye, karatasi hiyo itakukumbusha.

Namba za bure: 112 polisi, na 116 kwa jambo linalomhusu mtoto, Bara na Zanzibar. Kenya ni 999 au 112 kwa polisi, 116 kwa watoto, na 1195 kwa ukatili wa kijinsia.

Kutunza ushahidi, na kwa nini mfuko wa plastiki unauharibu

Mbegu za kiume na seli za ngozi hubaki mwilini kwa muda unaotofautiana. Ukeni vinasaba vinaweza kupatikana kwa siku kadhaa, kinywani ni kwa takribani siku moja tu, na juu ya ngozi, pale ulipolambwa au kung'atwa, vinaondoka kwa maji na sabuni mara moja. Kwa hiyo:

- Kama aliingiza kinywani, usisukutue, usipige mswaki, usinywe wala kula mpaka daktari achukue sampuli. Ukishindwa kuvumilia kiu, kunywa. Afya yako kwanza.
- Haja ndogo ikikubana, nenda, ila usijifute. Ukijifuta, hifadhi karatasi au kitambaa hicho. Pedi uliyokuwa umevaa nayo hifadhi.
- Kama unahisi ulinyweshwa dawa, mkojo wa kwanza ndio wenye thamani kuliko yote, maana baadhi ya dawa hizo hutoweka ndani ya saa 12 hivi. Ukinge kwenye chombo safi chenye kifuniko uende nacho.
- Usichane nywele, usisafishe kucha.
- Nenda na nguo ulizokuwa umevaa wakati wa tukio. Kama umeshabadili, chukua zile za mwanzo, hasa chupi, pamoja na khanga au shuka iliyotandikwa.

Kila nguo iwe kwenye mfuko wake wa karatasi: bahasha ya kaki, mfuko wa kaki wa dukani, au kunja kwa gazeti safi. Usitumie rambo wala mfuko wowote wa nailoni. Nguo yenye unyevu ndani ya plastiki hutokota, bakteria na ukungu huzaliana na kuvila vinasaba, na sampuli ikifika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali hakuna cha kupima. Nguo ikiwa mbichi, iache ikauke kivulini juu ya karatasi, isianikwe juani, halafu ifunge. Andika juu ya mfuko: nguo gani, ya nani, tarehe, saa, aliyeifunga, na aweke sahihi. Mkabidhi mpelelezi mwenyewe, mkononi, na uandike jina na cheo chake na siku uliyomkabidhi.

Michubuko piga picha siku hiyo, kisha rudia siku ya pili na ya tatu, kwa sababu damu iliyovilia chini ya ngozi huonekana vizuri zaidi baada ya siku moja au mbili. Weka sarafu au rula kando ya alama ili ukubwa wake uonekane. Picha moja ichukuliwe kwa mbali iweze kuonyesha ni mwili wa nani. Usiipitishe kwenye programu ya kurembesha.

Na kama tayari umeoga, umefua, umepiga mswaki, na siku mbili zimepita? Nenda. Vinasaba bado vinaweza kupatikana, dawa bado zinafanya kazi, na mahakama ya Tanzania inaweza kumtia mtu hatiani bila DNA. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu hukumu kusimama juu ya ushahidi wa mtendewa peke yake, mradi mahakama imeridhika kuwa anasema kweli na iandike sababu. Katika shauri la Selemani Makumba, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mtendewa.

Hospitali: nini unapaswa kuondoka nacho

Penye kituo cha mkono kwa mkono, kama Hospitali ya Mnazi Mmoja Zanzibar au Amana jijini Dar es Salaam, utakuta daktari, polisi na ustawi wa jamii chini ya paa moja, na fomu ya polisi unaipata hapohapo. Kwingine utazunguka. Mgogoro wa kawaida ni muuguzi kukuambia ukalete PF3 kwanza. Jibu kwa upole na bila kuondoka: "Naomba nianzishiwe dawa, PF3 ndugu yangu anaifuata." Mtu mmoja aende kituoni, wewe ubaki. Akikataa, omba kumwona daktari wa zamu au mganga mfawidhi. Kama tatizo ni fedha, muulizie afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Yeye ndiye mwenye mlango wa msamaha wa malipo.

PEP. Watakupima VVU kwanza, ila matokeo yasichelewe kukuanzishia. Dawa inayotumika sana sasa ni TLD, yaani tenofovir, lamivudine na dolutegravir katika kidonge kimoja, mara moja kwa siku, kwa siku 28. Ukiambiwa "njoo Jumatatu CTC ikifunguliwa", yaani kliniki ya VVU, omba dozi ya kwanza sasa na vidonge vya kukufikisha Jumatatu. Wengi huacha katikati, na sababu huwa mbili: kichefuchefu na kuficha chupa nyumbani. Kwa la kwanza, meza usiku baada ya chakula. Kwa la pili, bandua lebo. Ukitumia vidonge vya madini chuma, kalsiamu au dawa ya kiungulia, meza TLD saa 2 kabla ya hivyo au saa 6 baada yake, la sivyo dolutegravir hainyonywi ipasavyo. Ukikutwa tayari una VVU, PEP haikuhusu. Utaanzishiwa matibabu ya kudumu, na hilo lisikuzuie kuendelea na mengine yote.

Kuzuia mimba. Levonorgestrel miligramu 1.5, ile wengi wanaiita P2. Ikiwa ni vidonge viwili vya 0.75, meza vyote kwa pamoja. Maelekezo ya zamani ya kusubiri saa 12 hayana faida. Inafanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 72, na kwa nguvu inayopungua hadi saa 120. Ukitapika kabla ya saa 2 kupita, rudia. Anayetumia rifampicin ya kifua kikuu, efavirenz, au dawa za kifafa kama carbamazepine na phenytoin, amwambie daktari: dozi huongezwa mara mbili. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 kina uhakika kuliko kidonge, na ni bora zaidi kwa mwenye mwili mkubwa. P2 haitoi mimba iliyokwisha kutunga, kwa hiyo anayekunyima kwa hoja hiyo amekosea. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki, au zikipita wiki 3 bila kuiona, pima.

Magonjwa ya zinaa na mengine. Kwa kawaida ni sindano ya ceftriaxone, vidonge vya azithromycin na metronidazole, kwa kufuata mwongozo wa nchi. Chanjo ya homa ya ini B huanza siku hiyo, hurudiwa baada ya mwezi 1 na miezi 6. Pepopunda ukiwa na jeraha. Vyote hivi vikimezwa kwa mkupuo tumboni mtupu utavirudisha, P2 ikiwemo. Omba dawa ya kuzuia kutapika kwanza, na uulize kama metronidazole inaweza kusubiri kesho.

Uchunguzi wa mwili hufanyika kwa ridhaa yako, na unaweza kukataa sehemu yoyote ya uchunguzi bila kupoteza haki ya dawa. Omba muuguzi wa kike awepo. Kipimo cha kuingiza vidole viwili ili kuona "kama amezoea" hakina msingi wa kitabibu, na Shirika la Afya Duniani linataka kikomeshwe. Kizinda kuwepo au kutokuwepo hakuthibitishi kitu. Kisheria, kuingiza hata kwa kiasi kidogo sana kunatosha.

Kabla PF3 haijarudi polisi, isome. Jina lako limeandikwa sawa? Tarehe ya tukio ni ileile uliyoisema? Majeraha yametajwa moja moja au ameandika tu "ameumia"? Jina la daktari, sahihi na mhuri vipo, na mwandiko unasomeka? Ipige picha pande zote. PF3 haiuzwi. Inatolewa na polisi, inajazwa na daktari, inarudi kwa polisi.

Polisi

Omba kupelekwa Dawati la Jinsia na Watoto. Kituo kikubwa cha wilaya huwa nalo. Kituo kidogo cha kata mara nyingi hakina, na pale kaunta utasimulia mbele ya watu walioibiwa kuku. Una haki ya kuomba chumba. Usiondoke bila namba ya RB na jina la mpelelezi.

Maelezo utakayoandikisha ndiyo yatakayolinganishwa na maneno yako mahakamani, neno kwa neno, mwaka mmoja baadaye. Taja siku, saa, mahali. Taja alichofanya kwa uwazi: alivua nini, aliingiza nini, wapi. "Alinifanyia kitendo kibaya" limeangusha kesi huko nyuma. Siku hizi mahakama zinakubali tafsida zetu za Kiswahili zaidi ya zamani, lakini usiiachie tafsida kazi ya kuthibitisha. Usichokikumbuka sema hukikumbuki. Na usifiche kinachokuaibisha. Kama ulikunywa bia mbili, kama ulikwenda kwake kwa hiari, kama mliwahi kuwa wapenzi, liseme mwenyewe leo. Hakuna katika hayo kinachompa mtu ruhusa ya kukubaka, ila likiibuliwa na wakili wa upande wa pili utaonekana mwongo hata katika yaliyo kweli.

Kama ilikuwa usiku, eleza mwanga. Tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, mahakama huuliza mambo yaleyale: chanzo cha mwanga kilikuwa nini, kina nguvu kiasi gani, alikuwa umbali gani, ulimwona kwa muda gani, ulimjua kabla? "Kulikuwa na taa" haitoshi. "Taa ya umeme ya barazani, hatua tatu kutoka pale, nilimwona uso kwa kama dakika tano, ni fundi wa pale kona na tunasalimiana kila siku" inatosha. Kama humjui kwa jina, usisambaze picha zake kwenye magrupu ya WhatsApp. Zitaharibu gwaride la utambulisho, ambapo utatakiwa kumtambua kati ya watu wengine.

Maelezo yasomwe kwa sauti kabla hujasaini. Pana kosa, lirekebishwe hapo. Tarehe ndiyo hukosewa zaidi, na tofauti kati ya tarehe ya hati ya mashtaka na ushahidi ni hoja ya rufaa inayojulikana na kila wakili.

Meseji zake usizifute hata kama zinakutia kichefuchefu. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba na tarehe, tuma nakala kwa mtu mwingine, ndipo umzuie. Akituma pesa "ya pole" kwa simu, usiitumie; mwonyeshe mpelelezi ujumbe wa muamala. Akitishia, hilo ni tukio jipya, likaandikishwe.

Mtuhumiwa akiachiwa kwa dhamana, kesi haijafutwa. Huku Bara ubakaji una dhamana. Omba mpelelezi akuarifu kabla hajatoka, na masharti ya kutokusogelea yaombwe mahakamani.

Mume ni suala chungu: kwa Bara, kifungu cha 130 kinamhesabu mume kuwa mbakaji pale tu mlipotengana. Hata hivyo kipigo na majeraha ni makosa ndani ya ndoa vilevile, PF3 inajazwa, na huduma za hospitali ni zilezile.

Mtoto wa chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kisheria, isipokuwa kwa lile pengo la ndoa za utotoni ambalo bado limo ndani ya kifungu. Beba cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, kwa kuwa umri usipothibitishwa kosa lenyewe hubadilika. Mhoji mara moja tu, kwa maneno yake. Mtoto aliyeulizwa na mama, bibi, mwalimu na mwenyekiti huanza kutoa majibu yanayotofautiana. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote anayejua mtoto anakiukwa haki zake kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo.

Kikao cha ukoo

Watakuja. Siku ya pili au ya tatu, wazee wa upande wa pili, wakiwa na maneno laini na pengine na bahasha. Zanzibar linaitwa muhali: kumwonea haya ndugu au jirani kiasi cha kumwachia dhuluma. Kaskazini mwa Kenya ni maslaha. Bara wanasema tuyamalize kifamilia.

Mlalamikaji katika kesi ya jinai ni Jamhuri, na ukoo hauna mamlaka ya kuifuta. Ukweli wa pili ni kwamba mtendewa asipofika kutoa ushahidi, kesi hufa yenyewe, na wanaokuja na bahasha wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana hupendekeza "binti akapumzike kwa shangazi yake Tabora". Usisaini karatasi yoyote ya makubaliano. Ukilazimika kukaa kikao, nenda na msaidizi wa kisheria. Mashirika ya TAWLA, TAMWA, WiLDAF na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu yana uzoefu huo Bara, ZAFELA kwa Zanzibar, FIDA kwa Kenya. Fidia haikupotei kwa kuikataa bahasha: adhabu ya ubakaji, ambayo kwa kawaida haipungui miaka 30, huambatana na amri ya fidia.

Ukiwa Kenya

Sheria ni ile ya Makosa ya Kingono ya 2006. Hospitalini hujazwa fomu ya PRC (ya huduma baada ya kubakwa) nakala tatu: ya polisi, yako, na ya hospitali. Usiondoke bila yako. Kituo cha polisi unapewa namba ya OB (ya kitabu cha matukio) na fomu ya P3 ya kujazwa na daktari, ambayo ni bure. Kifungu cha 35 kinampa mtendewa matibabu katika hospitali ya umma kwa gharama za serikali. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha.

Wiki na miezi inayofuata

Rudi kupima VVU baada ya wiki 6 na miezi 3. Dozi za homa ya ini zisisahaulike, na hii husahaulika sana kwa sababu hakuna anayekukumbusha. Kukosa usingizi, kushtuka, kuogopa harufu au sauti fulani ni kawaida kwa wiki kadhaa. Yakizidi mwezi, au ukianza kuwaza kujidhuru, rudi hospitali uombe mshauri nasaha, hata kama vidonge vimekwisha.

Ushahidi wa makosa ya kujamiiana husikilizwa faragha, wala hautangazwi. Ukiona watu wasiohusika chumbani, mwambie mwendesha mashtaka kabla hujaanza. Mtoto asiyezidi miaka 14 ataombwa aahidi kusema kweli. Mfundishe maana ya ahadi, usimfundishe majibu.

Mpe mpelelezi na mwendesha mashtaka namba mbili za simu, yako na ya mtu asiyehamahama. Ukibadili laini, ukihama mtaa, ukienda shamba kulima, wajulishe. Kesi nyingine huondolewa mahakamani siku ambayo samansi imekwenda kwenye chumba ulichokwisha kukihama.